Kustahimiliana Huanzia Dawatini

Nimefundisha shule za msingi katika eneo la Molo, kaunti ya Nakuru, tangu kabla ya elimu bila malipo kurejeshwa Januari 2003, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa mwalimu wa darasa la tatu na la nne, yaani watoto wa miaka minane hadi kumi. Wanaolijua eneo hili wanajua kwamba ardhi yake ni nzuri na historia yake ni chungu. Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya na Wajaluo wanaishi hapa ua kwa ua, wakilima viazi, pareto na mahindi, na zaidi ya mara moja majirani hao wamegeukiana: mwaka 1992, tena baada ya uchaguzi wa 1997, na vibaya zaidi baada ya ule wa tarehe 27 Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo za mwisho ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na watu zaidi ya 600,000 walihama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuka kambi ya mahema. Watoto waliorudi madarasani mwaka 2008 walikuwa wametoka katika mahema hayo, au katika nyumba zilizobaki zimesimama karibu na majivu ya nyumba za wenzao, na wote walikuja kuketi kwenye madawati yale yale.

Miaka iliyofuata ilileta juhudi nyingi, na nyingi zilikuwa za nia njema. Wageni walikuja kwenye gwaride la Jumatatu, wakazungumza juu ya amani, wakagawa fulana. Watoto walitunga mashairi ya umoja kwa ajili ya tamasha za muziki na drama, wakayakariri vizuri hadi wazazi wakatokwa na machozi. Lakini mwalimu wa zamu aliyesimama uwanjani saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, aliona jambo jingine. Watoto wale wale waliokuwa wamekariri kwamba sisi sote ni ndugu walitoka darasani wakagawanyika bila kuambiwa na mtu, kundi hili likaenda upande wa jikoni, kundi lile upande wa lango, na mpira ukachezwa kwa lugha za nyumbani. Hawakupigana na hawakutukanana. Hawakuwa na haja ya kuonana, basi. Hapo ndipo nilipoanza kuamini jambo ambalo miaka ya kazi imezidi kunithibitishia, kwamba mtoto mdogo hajifunzi kumstahimili mwenzake kwa kuambiwa amstahimili. Hujifunza pale yeye mwenyewe anapotendewa kama mtu mwenye jina, mwenye sauti na mwenye haki ya kusikilizwa, kisha akapewa kazi ya kumtendea mwenzake vivyo hivyo kila siku, katika mambo madogo.

Wazo hili si geni katika nyaraka zetu. Tume ya Ominde, ambayo mwaka 1964 ilitoa ripoti ya kupanga elimu ya taifa changa, iliweka umoja wa taifa mbele ya malengo yote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka uliofuata, unasema katika kifungu cha 29 kwamba elimu imwandae mtoto kuishi kwa maelewano, amani, stahamala na urafiki na watu wa makabila na dini zote. Mtaala wa umilisi nao umeorodhesha maadili yake: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Ni maneno mazuri, nami nayaheshimu. Shida ni kwamba mwalimu aliye na watoto zaidi ya 60 na kipindi cha dakika 35 anahitaji kujua atafanya nini Jumanne saa tatu.

Mimi nilianza na rejista. Katika nchi yetu jina ndilo linalomtangaza mtu kabla hajafungua kinywa, na mwaka 2008 kuna watu waliopona au kuangamia kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho. Watoto walijua hilo, na wengine walikuwa wamefundishwa nyumbani kutumia jina la ubatizo pekee wakiwa mbele ya wageni. Kwa hiyo niliamua kwamba katika darasa langu kila jina litatamkwa lote, na litatamkwa sawasawa, hata kama itanibidi kulirudia mbele ya mtoto mpaka akubali kwamba nimelipata. Kisha niliwatuma nyumbani wakaulize kwa nini waliitwa hivyo, na kila asubuhi watoto wachache wakasimama kueleza.

Siku ambayo sitaisahau ni ile alipotangulia Kiprop mmoja, akasema alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake. Kabla hajaketi, mvulana wa Kijaluo aliyekuwa nyuma akanyoosha mkono akasema yeye ni Okoth, na bibi yake amemwambia jambo lile lile. Msichana wa Kibukusu aitwaye Nafula akasimama bila kuitwa: yeye pia ni wa mvua. Darasa zima likaanza kutafuta, na mwishowe Wambura, binti wa Kikuyu aliyekuwa mkimya tangu muhula uanze, akasema kwamba jina lake nalo lina mvua ndani yake, lakini yeye hakuzaliwa wakati wa mvua, amerithi jina la nyanya yake, na huenda nyanya ndiye mwenye mvua. Watoto wakataka kujua kwa nini Wakikuyu hurithi majina ya wazee, na Mkisii mmoja akaeleza kwamba kwao pia mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki. Sikuwaambia kwamba wanafanana. Nilikaa kimya nikawaacha wafanye kazi yao, kwa kuwa kitu ambacho mtoto amekigundua mwenyewe hamwachii mtu mzima akinyang'anye kwa urahisi. Wale watoto wa mvua waliendelea kuitana hivyo mpaka mwaka ukaisha.

Jambo la pili lilihusu viboko. Adhabu ya kuchapa ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na katiba ya mwaka 2010 imemlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya mwili, lakini kila mzazi anajua kwamba fimbo haikutoka mara moja katika kila shule. Nimeshuhudia tena na tena kinachofuata mtoto anapochapwa mbele ya wenzake. Haendi kumtafuta aliyemchapa. Humtafuta mdogo kuliko yeye, au mgeni, au yule ambaye darasa tayari limemtenga, na tusi la kwanza linalomjia kinywani ni la kabila, kwa sababu ndilo lililo karibu na ndilo linalouma. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kile kibao kilichokuwa kikivishwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani. Kilikusudiwa kumhimiza ajifunze Kiingereza, lakini kilimfundisha kumvizia mwenzake na kumshtaki, na kilimfundisha kwamba lugha ya mama yake ni kosa. Mtoto aliyeionea aibu lugha yake ataiheshimu vipi ya jirani? Siamini kwamba somo lolote la amani linaweza kustawi katika darasa lenye fimbo na kibao.

Tatizo la uwanjani lilitatuliwa kwa njia rahisi zaidi. Timu zilikuwa zikichaguliwa na manahodha wawili, na manahodha walichagua watu wao. Kulikuwa na msichana ambaye baba yake alikuwa Mkikuyu na mama yake Mkalenjin, mwepesi wa miguu kuliko wavulana wengi, naye alikuwa akibaki amesimama kando ya goli bila kuchaguliwa na upande wowote, kwa kuwa kila upande ulimhesabu kuwa wa upande mwingine. Nilitangaza kwamba kuanzia wiki ile timu zitapangwa kwa miezi ya kuzaliwa, Januari hadi Juni dhidi ya Julai hadi Desemba. Kulikuwa na manung'uniko ya siku chache, kisha yakaisha, maana mtoto anapenda ushindi kuliko anavyopenda ukoo. Mipira yenyewe walikuwa wakiifunga kwa mifuko ya nailoni na kamba, na marufuku ya mifuko hiyo ilipoanza mwezi Agosti 2017 wakahamia kwenye matambara, ambayo hulowa maji na kuwa mazito, lakini hayakuwazuia kucheza. Yule msichana alikuwa wa mwezi wa Machi. Timu ya mwanzo wa mwaka haikukubali tena kucheza bila yeye.

Palipohitaji uangalifu mkubwa ni pale watoto walipoleta darasani maneno ya watu wazima. Mtoto wa miaka tisa hasemi uongo anaposema kwamba watu wa kabila fulani ni wezi au ni wauaji. Anarudia alichokisikia mezani, na kwake aliyesema ni baba, naye baba hakosei. Ukimkaripia, unamlazimisha achague kati yako na baba yake, na sharti ushindwe. Nilianza kuchora safu tatu ubaoni: Nimeona, Nimesikia, Nadhani. Kila jambo linalosemwa juu ya watu linaandikwa kwa chaki katika safu yake, na aliyelisema ndiye anayeamua liende wapi, baada ya wenzake kumwuliza maswali. Tulianza na mambo mepesi, kama fisi anayesemekana kupita nyuma ya maktaba usiku, na tulipofika kwenye mazito watoto walikuwa wamezoea kuulizana bila hasira.

Mwezi Septemba mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipokuwa imekwisha kubatilisha uchaguzi wa rais na nchi ikisubiri marudio ya tarehe 26 Oktoba, mvulana mmoja alisema kwa sauti kubwa kwamba "wale" watawafukuza tena. Nilimwuliza tuandike wapi. Alifikiri kwa muda, akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Msichana aliyekaa dawati la mbele akageuka akamwuliza amesikia kwa nani, naye akajibu kwamba amesikia wakubwa wakizungumza usiku, na kwamba mama yake amekwisha kufunga nguo zao kwenye gunia. Yule msichana alikuwa wa jamii aliyoiita "wale". Akasema polepole kwamba hata kwao mama amefunga gunia, liko chini ya kitanda. Mtoto wa tatu akasema kwao ni sanduku. Darasa lilinyamaza. Watoto waliokuwa wamefundishwa kuogopana walikuwa wamegundua kwamba mama zao wote wanaogopa, na wanaogopa kitu kile kile. Niliwaeleza kwa utulivu nilichokuwa na uhakika nacho, yaani tarehe ya kura, siku ambazo shule ingefungwa kwa sababu ni kituo cha kupigia kura, na kwamba mlango ule ungefunguliwa tena baadaye, kisha tukaendelea na hesabu, kwa kuwa utaratibu wa kila siku nao humtuliza mtoto.

Lakini safu hizo zilinifundisha pia kitu ambacho wapenda amani wengi hukwepa. Katika miaka ya kwanza baada ya ghasia, kulikuwa na watoto walioandika chini ya Nimeona. Mmoja aliandika kwamba nyumba yao iliungua. Mwingine aliandika kwamba babu alibaki. Mambo hayo hayafutwi kwa kauli ya "yaliyopita si ndwele", na mwalimu anayemwambia mtoto aliyefiwa asahau ili darasa lipatane anamtoza yule aliyeumizwa gharama ya amani ya wengine. Nilichofanya ni kuyaacha maneno yale ubaoni mpaka mwisho wa kipindi, nikamshukuru aliyeyaandika, nikawaomba wenzake wasiulize zaidi ya anachotaka kusema, na baadaye nikazungumza na mlezi wake faraghani. Nimeona watoto wa upande ambao kwa hesabu ya wakubwa ndio "waliochoma" wakimsogezea mwenzao nafasi kwenye dawati baada ya kusoma sentensi yake. Hakuna aliyewaagiza. Mtoto akishajua kilichompata mwenzake, kwa maneno ya mwenzake mwenyewe, mara nyingi hujua la kufanya.

Zana ya mwisho niliyoitumia ilitoka mbali. Nikiwa chuo cha ualimu nilisoma habari za Janusz Korczak, daktari Myahudi wa Poland aliyeongoza nyumba ya yatima jijini Warsaw tangu mwaka 1912, na ambaye mwezi Agosti 1942 alikwenda na watoto wake mpaka kambi ya mauaji ya Treblinka, asikubali kuwaacha. Katika nyumba ile aliweka mahakama ya watoto. Waamuzi walipatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa watoto wasiokuwa na kesi wiki ile, vifungu vingi vya mwanzo vya kanuni yao vilihusu kusamehe, na mtu mzima aliweza kushtakiwa sawa na mtoto. Korczak mwenyewe alijishtaki mbele yao. Nilipunguza mpango huo ukatosha darasa letu na kipindi cha PPI, yaani cha mafundisho ya dini, cha Ijumaa: daftari moja ukutani la kuandikia malalamiko, waamuzi watano, na sharti kwamba mshtaki na mshtakiwa wote wasikilizwe mpaka mwisho bila kukatizwa.

Kesi nyingi zilikuwa za penseli, na ziliisha kwa msamaha. Kuna moja iliyonifunulia mengi. Mvulana aliyekuwa bado akiishi kambini alimshtaki mwenzake kwa kumwita "mtoto wa hema". Mshtakiwa alikiri na kusema alikuwa akitania, tena hakuwa peke yake aliyecheka. Mimi nilitarajia waamuzi waseme waombane radhi, kesi iishe. Wao waliuliza ni kina nani waliocheka, wakawataja, kisha wakaamua kwamba mshtakiwa aombe radhi mbele ya wale wale waliocheka, pale pale chini ya mkaratusi alipomwita hivyo, na amwite kwa majina yake yote matatu. Kwa umri wao walikuwa wameelewa kwamba heshima iliyovunjwa hadharani hairejeshwi kichochoroni. Sikuongeza neno.

Si wazazi wote waliopendezwa. Baba mmoja alikuja ofisini amevua kofia, akaniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto wangu nimemleta asome hesabu, sikumleta ahukumiwe na watoto wa watu." Nilimwambia, "Mzee, karibu Ijumaa uketi nasi." Akaja, akaketi nyuma kwenye dawati lililokuwa dogo kwake, akasikiliza kesi mbili. Hakubadili mawazo yake yote. Aliona kwamba watoto wanaweza kufika mahali pa kuhukumu mambo ya nyumba za watu, ardhi ya nani ilikuwa ya nani, na kwa hilo alikuwa na haki kamili. Tukakubaliana, na nikalitangaza kwa wazazi wote, kwamba mahakama ya darasa itashughulikia tu mambo yaliyotokea ndani ya ua la shule. Sharti hilo limebaki mpaka leo, na ninaamini ndilo lililoiwezesha mahakama kudumu.

Kustahimiliana si jambo la kabila peke yake, na watoto walinikumbusha hilo nilipowasimulia juu ya mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, na ambaye ghasia zilipomtupa kambini aliendelea kwenda shuleni kutoka kwenye hema. Hawakuuliza juu ya siasa. Waliuliza kama watoto wa darasa lake walimcheka, alikaa dawati gani, na nani alimwonyesha ukurasa alipokuwa haoni vizuri. Tangu hapo mtoto mwenye tatizo la macho katika darasa letu hakukosa wa kumsomea ubao. Vivyo hivyo mwezi wa Ramadhani, ulipoangukia muhula wa masomo, darasa lenyewe lilipendekeza michezo ihamishiwe asubuhi kwa ajili ya wachache waliokuwa wamefunga.

Walimu wenzangu wamenipinga kwa hoja moja yenye uzito, nayo ni muda. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulipokuwa ukitutawala, kabla haujafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kila dakika ilihesabiwa kwa alama, na mwalimu mkuu aliulizwa wastani wa shule, hakuulizwa kama watoto wanaketi pamoja. Jibu langu ni la mtu wa darasani tu: muda unaotumika kuamua ugomvi wa penseli kwa haki hurudishwa, kwa sababu darasa lililozoea kusikilizana halipotezi nusu ya kipindi kunyamazishwa. Hata hivyo sidai kwamba njia hizi zinafaa popote. Darasa la watoto 90 halitaweza kusikiliza kesi, na mwalimu ambaye anahamishwa kila mwaka hatapata nafasi ya kuaminiwa na wazazi.

Mwalimu mgeni akinijia na kuniuliza aanze na lipi, humwambia aanze na majina, wiki ya kwanza, na ahakikishe kila dawati lina watoto ambao hawatoki njia moja ya kurudi nyumbani. Mahakama isubiri muhula wa pili, maana watoto wasiojuana hawawezi kuhukumiana kwa haki. Na safu tatu za ubaoni zianze mapema, zikiwa na fisi na habari nyingine za kuchekesha, mwezi Januari au Februari wa mwaka wa uchaguzi. Akingoja mpaka Julai, magunia yatakuwa yamekwisha kufungwa.